"Hakuna Chakula cha Bure": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usemi wa Kiingereza

Usemi wenyewe unasemaje?

Waingereza na Wamarekani husema "There's no such thing as a free lunch". Wanaopenda ladha ya mtaani husema "There ain't no such thing as a free lunch". Ukiufasiri neno kwa neno unapata: hakuna kitu kinachoitwa chakula cha mchana cha bure.

Makusudio yake ni kwamba kila unachopokea bila kulipa, yupo aliyekilipia. Mara nyingi aliyelipa ni wewe mwenyewe, ila hukuona, kwa sababu fedha zilitoka mfuko mwingine, au hukulipa fedha bali muda, kura, siri zako au afya yako.

Kwa nini chakula cha mchana? Kwa nini si nguo, au nauli?

Kwa sababu chakula hicho kilikuwepo kweli. Hapa ndipo wengi hushangaa, maana wanadhani ni tamathali tu iliyobuniwa na wachumi. Katika karne ya 19, baa za Marekani zilikuwa na desturi ya kupanga vyakula kwenye meza au kaunta na kuandika nje kwamba chakula ni bure. Mji unaotajwa sana kuhusu desturi hiyo ni New Orleans, kisha ikaenea hadi San Francisco, Chicago, New York na kwingineko. Mteja aliingia, akanunua kinywaji kimoja, akajipakulia.

Baada ya miongo kadhaa bei ya glasi ya bia ilizoeleka kuwa senti 5, yaani sarafu moja ndogo ambayo Wamarekani huiita "nickel". Kwa sarafu hiyo fundi au mbeba mizigo alipata bia na sahani ya mkate mweusi, jibini, soseji, mayai ya kuchemsha, matango ya siki na samaki wa chumvi. Baa za wenye nazo ziliweka hata nyama za kuoka na supu.

Mwandishi Rudyard Kipling, Mwingereza mzaliwa wa Bombay, alipita San Francisco mwaka 1889 akayakuta haya. Aliwakuta wanaume wenye kofia zilizosogezwa kisogoni wakikifagia chakula cha kaunta, akaelezwa utaratibu. Aliandika kwamba mtu anaweza kujilisha vizuri katika mji ule kwa chini ya rupia moja kwa siku, hata kama amefilisika. Alihesabu kwa rupia kwa kuwa alitoka India, na msomaji wa Unguja au Mombasa wa miaka ile asingehitaji kubadilishiwa hesabu: rupia hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikizunguka sokoni kwake.

Mwenye baa alipataje faida?

Kwanza, wengi hawakuishia glasi moja. Anayekunywa glasi nne alikuwa anamlipia chakula yule aliyekunywa moja. Kwa hiyo katika chumba kilekile kulikuwa na mtu ambaye kwake chakula kilikuwa karibu bure kweli, na mwingine aliyekinunua kwa bei ya kuruka. Hili ni jambo ambalo usemi wenyewe hauligusi, nami naliona ndilo lenye utamu kuliko yote: kuwepo kwa mlipaji hakumaanishi kila anayekula analipa sawa.

Pili, nyuma ya mwenye baa alikuwepo mwenye kiwanda. Viwanda vya bia vya Marekani vilishindana vikali mwishoni mwa karne ile, na baa nyingi zilifunguliwa kwa mtaji wao: kiwanda kinalipia leseni, kinaweka kaunta na vioo, na mwenye baa anaahidi kuuza bia ya kiwanda hicho tu. Baa zilipobanana, tatu au nne kwenye kona moja, na zote zinauza glasi kwa senti 5, zilibaki kushindana kwa chakula.

Tatu ni chumvi.

Chumvi ina uhusiano gani?

Angalia tena ile orodha: jibini, soseji, samaki wa chumvi. Ongeza nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, na biskuti ngumu zenye chembe za chumvi juu. Vyakula hivi havikuharibika upesi, jambo la maana enzi ambazo hakukuwa na friji, na vilikuwa nafuu. Lakini pia vilikausha koo. Kijana anayepita kwenye baa za Dar es Salaam na sinia la karanga za chumvi analijua somo hili bila kusoma historia ya Marekani.

Je, mtu angeweza kula bila kununua kinywaji?

Angeweza kujaribu. Baa zilikuwa na mabaunsa, na kazi yao mojawapo ilikuwa kumtoa nje mtu wa namna hiyo. Tangazo lilisema bure, ila kila mtu alijua sharti lisiloandikwa.

Wanawake nao hawakuhesabiwa sana katika karamu hii. Baa za wakati ule zilikuwa za wanaume, na mwanamke mwenye kutunza heshima yake hakuingia kupitia mlango wa mbele. Kwa hiyo mwanamke wa kiwandani, aliyelipwa kidogo kuliko mwanamume, mara nyingi alinunua chakula chake kwa bei kamili.

Desturi hiyo iliishaje?

Iliandamwa kwanza na watu wa kupinga ulevi, walioiita chambo. Walisema kijana huingia kutafuta mkate akatoka mlevi. Waliowajibu walisema masikini wanakula pale chakula ambacho hawakipati popote, basi wanaopinga wafungue sehemu nyingine ya kula kwa bei hiyo. Wapo waliojaribu, kwa nyumba za kahawa na chakula cha bei nafuu, bila pombe.

Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 1896, ikijulikana kwa jina la seneta Raines. Ilipiga marufuku chakula cha bure, ingawa mwaka uliofuata kiliruhusiwa tena. Sheria hiyohiyo ilikataza kuuza pombe Jumapili isipokuwa kwenye hoteli, na pamoja na mlo. Wenye baa wakatenga vyumba kumi ghorofani, wakajiita hoteli, kisha wakamwekea kila mnywaji sandwichi ambayo hakuna aliyeigusa. Sandwichi moja ilizunguka meza hadi meza siku nzima. Chakula kilikuwa kimebaki jina tu.

Kilichomaliza yote ni marufuku ya pombe ya nchi nzima, iliyoanza Januari 1920 na kufutwa Desemba 1933. Baa halali zilifungwa, na meza zake zikaondoka nazo.

Nani aliutamka usemi huu kwanza?

Jibu mnalopewa mara nyingi ni Milton Friedman, mchumi wa Chicago aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Si kweli. Friedman aliutumia kama jina la kitabu mwaka 1975 na kuupigia debe, lakini aliukuta njiani.

Wengine humtaja Robert Heinlein. Riwaya yake ya mwaka 1966 kuhusu walowezi wa mwezini iliufanya usemi huu kuwa kaulimbiu ya watu wake, tena kwa kifupisho: TANSTAAFL, herufi za mwanzo za maneno yote. Vijana wa Marekani waliuvaa kwenye beji za kifuani. Naye pia hakuwa wa kwanza, maana hata kifupisho hicho kilikwisha kuonekana kwenye kijitabu cha mwaka 1949.

Mzizi wa zamani zaidi wenye umbo tunalolijua uko katika gazeti la El Paso, Texas, la Juni 1938. Hapo pana hadithi yenye kichwa kinachosema uchumi kwa maneno manane. Mfalme, nchi yake ikiwa na utajiri na bado watu wana njaa, anawaita wachumi wamweleze elimu yao kwa ufupi. Wanaleta shehena ya vitabu. Mfalme anaghadhibika, anaamuru wafupishe, na kila wakishindwa wanapungua kwa kuuawa. Mwisho anabaki mzee mmoja, anayesema elimu yote aliyoipata maishani inatosha kwenye sentensi moja: "There ain't no such thing as free lunch". Hesabu mwenyewe, ni maneno manane kamili.

Tazama tarehe hizo. Mwaka 1938 marufuku ya pombe ilikuwa imefutwa miaka mitano tu nyuma, na mtu wa miaka arobaini alizikumbuka zile meza za ujanani. Ndiyo maana mzaha ulieleweka bila maelezo. Sisi tunaousikia leo tunapewa mfupa bila nyama yake.

Mbona kuna "ain't no", si makosa ya sarufi?

Kwa mwalimu wa shule ni makosa. Kwa mtaa wa Marekani ni kukanusha kwa mkazo. Sauti hiyo isiyo ya shule ndiyo inayoufanya usemi uonekane umetoka kwa mtu aliyeona mambo. Kwenye barua ya kazi au insha, tumia umbo la "There's no such thing".

Wachumi wanauelezaje?

Kwa dhana wanayoiita gharama ya fursa: gharama ya kitu ni kile ulichokiacha ili ukipate.

Chukua mfano. Mama anayeuza chapati na maharage Kariakoo anaalikwa semina ya bure, chakula cha mchana kikiwemo. Siku ya kawaida anabaki na faida ya shilingi 15,000. Nauli ya kwenda na kurudi ni 2,000. Semina haikumtoza kitu, lakini jioni ana pungufu ya 17,000 kuliko jana. Ule wali na kuku aliokula umemgharimu 17,000. Huenda alichojifunza kina thamani ya 50,000, basi amefaidi. Hesabu hii haimkatazi kwenda, ila inampa bei halisi ya kuipima semina.

Mimi niliwahi kuhudhuria moja ya namna hiyo, kuhusu "uhuru wa kifedha". Chakula kilikuja saa tisa alasiri, baada ya milango kufungwa na fomu za kununua bidhaa za kuanzia kugawiwa. Njaa ni mshawishi mzuri kuliko msemaji yeyote aliyepanda jukwaani siku ile. Watu wawili wa meza yangu walijaza.

Kiswahili kina usemi wake?

Kinao "hakuna cha bure", unaosikika kila kona. Kenya mtaani utasikia "hakuna kitu ya bure", na Tanzania mpenda dezo huambiwa hivyo kila siku. Methali zinazokaribia ni kadhaa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" inadai jasho, si malipo, kwa hiyo haiko sawasawa. "Mla cha mwenziwe na chake huliwa" iko karibu zaidi, maana inakukumbusha deni. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" inataja hadi tarehe ya kuanza kulipa.

Lakini kwangu jibu zuri zaidi limo ndani ya neno lenyewe. Kiingereza kilihitaji sentensi nzima kutia shaka kwenye neno "free", neno ambalo kwao pia maana yake ni huru, tena linang'aa. Sisi neno letu ni *bure*, nalo lina shaka tangu mwanzo. Kitu cha bure hakilipiwi, lakini pia kufa bure ni kufa bila faida, kupiga kelele bure ni kujichosha, na ukimwambia mtu "wewe bure kabisa" umemtukana. Mswahili akisikia tangazo la cha bure, lugha yake imeshamnong'oneza kabla hajafika kaunta.

Nadhani ndiyo sababu ya matangazo ya siku hizi kukwepa neno hilo. Husema ofa, zawadi, bonasi, bila malipo. Sikiliza redio asubuhi moja uhesabu.

Nitafsiri vipi, basi?

"Hakuna cha bure" inatosha karibu kila mahali. Ukiandika "hakuna chakula cha mchana cha bure", msomaji asiyejua Kiingereza ataona unazungumzia kantini. Ukitafsiri makala ya historia ya baa, hapo taja chakula.

Usemi huu hautukani ukarimu? Sisi tunalishana.

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na lina haki. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ambamo anayepita wakati wa kula huitwa "karibu tule" anaposikia Mzungu akisema hakuna chakula cha bure, anaona ubahili umefanywa falsafa.

Usemi haukatai kwamba watu hutoa. Futari inayogawiwa msikitini wakati wa Ramadhani haimgharimu mpita njia hata senti, na aliyeitoa hadai malipo kwake. Bado tende zilinunuliwa, uji ulipikwa, na yupo aliyeamka kuwasha moto. Ukiusoma hivyo, usemi unamheshimu mtoaji, kwa kuwa unakataa kusema chakula kilidondoka. Wanaoutumia kufunga mlango wa jiko lao wameugeuza.

Mbona hutumika sana kwenye siasa?

Kwa sababu huko ndiko chakula kilikolipiwa kwa kura, hata zamani. Chicago ilikuwa na diwani aliyeitwa Michael Kenna, mtu mfupi aliyepewa jina la utani Hinky Dink, aliyekuwa na baa mtaa wa Clark. Glasi zake zilikuwa kubwa, chakula bure, na wasio na kazi walikaribishwa, hasa baada ya mdororo wa uchumi wa 1893. Uchaguzi ukifika, walijua wampigie nani. Wengi wao wasingepata mlo mwingine siku ile, kwa hiyo sidhani walijiona wamedanganywa.

Tanzania tuna neno letu, takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kuwakirimu watu kwa nia njema, na mashirika ya haki za binadamu yakaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kuwa vinakiuka Katiba. Hoja iliyoshindaniwa pale ni kongwe kama kaunta ya Kenna: sahani hii ya pilau ni ukarimu, au ni bei?

Je, elimu bila ada ni chakula cha bure?

Uganda iliondoa ada za shule za msingi mwaka 1997, Kenya 2003, na Tanzania ikafika hadi kidato cha nne mwaka 2016. Wapinzani wa mipango hii hupenda kuutupa usemi wetu mezani kana kwamba umemaliza mjadala. Haumalizi. Unachosema tu ni kwamba mwalimu bado analipwa mshahara na chaki bado inanunuliwa, kwa kodi, pamoja na kodi iliyomo kwenye kila kitu anachonunua mzazi huyohuyo. Kama malipo hayo yanastahili ni swali jingine, nami najibu yanastahili. Ila serikali ikipeleka fedha pungufu, mzazi ataambiwa achangie dawati na uji, na hapo usemi utajikumbusha wenyewe.

Na programu za simu ambazo hatulipii?

WhatsApp ilikuwa ikitoza dola 1 kwa mwaka kwa baadhi ya watumiaji, ikaacha mwaka 2016. Miaka miwili kabla ya hapo Facebook ilikuwa imeinunua kwa takriban dola bilioni 19. Hakuna anayetoa fedha hizo kwa ajili ya kutuwezesha kutumiana picha za harusi. Facebook, ambayo sasa kampuni yake huitwa Meta, huingiza mapato yake mengi kwa kuuza matangazo, na wafanyabiashara hulipia namna ya kuwafikia wateja. Umakini wako ndio senti 5, na kengele ya ujumbe ndiyo chumvi.

Hakuna kabisa cha bure, hata kimoja?

Wachumi wenyewe hukubali vighairi. Palipo na upotevu, kuuondoa kunaweza kumnufaisha mtu bila kumpunguzia mwingine. Wawekezaji nao hupenda kusema kuwa kutawanya mtaji kwenye mali mbalimbali ndicho chakula cha bure pekee sokoni, kwa sababu hupunguza hatari bila lazima ya kupunguza faida unayoitarajia.

Usemi huu upo nje ya uchumi?

Ndiyo. Mwanabiolojia Barry Commoner aliuweka kuwa wa nne katika kanuni zake za ikolojia mwaka 1971: unachokichukua kwenye mazingira utakilipia. Na katika sayansi ya kompyuta kuna nadharia zenye jina hilo, za Wolpert na Macready, 1997, zinazoonyesha kwamba ukijumlisha matatizo yote yanayowezekana, hakuna mbinu ya kutafuta suluhisho inayozishinda nyingine.

Bosi akinialika chakula cha mchana, niutaje?

Usiutaje mezani. Kiingereza chake ni kizuri lakini maana yake pale ni "unataka nini kwangu?", nalo ni swali ambalo atalijibu mwenyewe, kwa kawaida sahani zikishaondolewa na kabla ya kahawa. Agiza unachokipenda.